Nani Kapika?

Kuna swali linaloonekana la jikoni tu, swali la watu waliokosa la kufanya, lakini ukilifunua mfuniko unakuta ndani yake mapenzi, kazi na haki vinachemka pamoja. Swali lenyewe ni hili: chakula kikiiva mpishi akiwa hayupo, nani kapika?

Mimi swali hili limenijia kwa njia ya supu. Tena supu yenyewe si ya kwetu. Ni supu ya kuku na tambi, nzito, nyeupe kwa malai, ambayo Wamarekani huipenda sana wakati wa baridi na wengi huipika katika chungu cha umeme. Chungu hiki, ndugu msomaji kama hujakiona, ni bakuli zito la udongo mgumu uliochomwa ukang'aa, limetumbukizwa ndani ya gamba la bati lenye waya wa joto unaolizunguka ubavuni. Kina mfuniko wa kioo na swichi ya moto mdogo na moto mkubwa, basi. Hakina haraka na mtu. Kinakula umeme wa wati 200 au 300 hivi, kidogo sana kuliko pasi ya kunyooshea shati. Unatia vitu vyako asubuhi, unafunika, unachomeka, unakwenda zako. Jioni unafungua mlango nyumba nzima inanukia, kana kwamba ulikuwa na mtu ndani.

Naishi Chicago na dada yangu na mwanawe wa miaka saba. Dada anahudumia wazee katika nyumba ya wazee, na mimi nabeba boksi ghalani. Nazo ni boksi za kweli, si zile za mafumbo ya vijiweni. Baridi ya Januari huku si mchezo, na siku zamu zinapogongana supu hii ndiyo inayotulisha. Nimeipika mara nyingi mno. Acha niieleze, maana hoja yangu imo ndani ya mapishi yenyewe.

Unachukua mapaja ya kuku, kilo moja hivi. Mapaja yanafaa kuliko kidari, kwa sababu yana tando na mishipa ambayo joto dogo la muda mrefu huiyeyusha ikawa utelezi mtamu, ilhali kidari hukauka. Kuku asitoke kwenye barafu moja kwa moja: chungu hupanda joto polepole, na nyama iliyoganda itakaa saa nyingi katika uvuguvugu ambao vijidudu huuona ni harusi. Unatia karoti, kitunguu maji, seleri, vitunguu saumu, pilipili manga, chumvi, na lita moja na nusu ya maji au mchuzi wa mifupa. Unafunika. Moto mdogo, saa 6 mpaka 8. Wala usifunuefunue kwa kiherehere. Kila ukifunua, joto linatoka na unajiongezea dakika 20 au zaidi za kungoja. Nyama ikifika mahali inauachia mfupa yenyewe, unaitoa, unaichambua kwa uma, unairudisha.

Sasa hapo ndipo penye siri. Tambi hazitiwi asubuhi. Ukizitia asubuhi, jioni utapakua uji. Malai nayo hayatiwi asubuhi. Yakikaa motoni kutwa hukatika, yakawa punjepunje zinazoelea kwenye maji. Vyote viwili husubiri mwisho. Unapandisha moto mkubwa, unatia tambi pana za mayai, gramu 200 hivi, unazipa dakika 20, halafu malai, kikombe kimoja, yawe yametolewa kwenye friji mapema yapungue ubaridi. Unakoroga, unaonja, unapakua.

Kwa hiyo supu hii ina vipande viwili vya muda: zile saa 8 ambazo haikutaka, na ile nusu saa ambayo haiwezi bila wewe. Hilo tuliweke kiporo, tutalipasha baadaye.

Siku moja nilimsimulia mama kwa simu habari za chungu hiki. Mama yuko Tanga. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa baba, wewe uko kazini, dada yako yuko kazini, mtoto yuko shule. Humo ndani hamna mtu. Hicho chakula kapika nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaongeza kwamba chakula ni mkono, na kwamba mtoto akila chakula kisicho na mkono wa mtu atashiba tumbo tu.

Ndugu msomaji, hoja ya mama isidharauliwe kwa sababu tu imesemwa na mtu aliyekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Sisi Waswahili tunaposema fulani ana mkono, hatusemi habari za chumvi na ndimu. Tunasema kwamba mtu anaweza kuingia ndani ya chakula chake, ukamtambua kwa kuonja hata kama hukumwona. Mama anachouliza ni kama wema unaweza kufanywa na mtu aliyeondoka. Wanafalsafa wameandika vitabu vinene kwa maswali madogo kuliko hilo.

Jibu la kwanza linalokuja mdomoni ni kwamba mapenzi hupimwa kwa jasho. Mama aliyekaa jikoni kutwa katupenda zaidi. Aliyechomeka waya akaondoka katupenda kidogo. Jibu hili lina mashabiki wengi, na wengi wao, samahani, ni sisi tunaoandika. Hebu fungua karatasi zetu za mashairi. Moshi umejaa! Macho ya mama mekundu, mgongo wa mama uliopinda, viganja vya mama vilivyoungua, na sisi tumekaa pembeni na kalamu tunashangaa uzuri wa mateso yake. Mpaka mtu unajiuliza: hivi mama akipata jiko la gesi, mashairi yataandikwa na nani?

Moshi si tamathali ya usemi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, inayotokana zaidi na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, iliua watu milioni 3.2 duniani. Walioinamia mafiga hayo wengi ni wanawake, na mgongoni au pembeni mwao kuna mtoto. Kama jasho na machozi ndiyo mizani ya mapenzi, basi itabidi tukubali kwamba kumwondolea mama moshi ni kumpunguzia mapenzi. Hakuna mwenye akili atakayekubali hilo. Basi mizani yenyewe ni mbovu, tuitupe. Mateso yanaweza kuwa gharama ya mapenzi pale pasipokuwa na njia nyingine. Hayawezi kuwa ndiyo mapenzi yenyewe.

Na tena, tukisema kweli, hata mama hapiki namna anavyodai. Nilimkumbusha bokoboko. Bokoboko la sikukuu, ngano na nyama, linakaa juu ya moto mdogo saa na saa mpaka ngano inalegea na nyama inapotea ndani yake, ndipo linapigwa kwa mwiko likawa laini. Nikamwuliza kama usiku ule alikuwa anakesha macho kodo analitazama. Hakukesha. Alilala, usingizi wa haki kabisa, na moto ukafanya kazi. Wali je? Maji yakikauka anapalia makaa juu ya mfuniko, anakwenda kuoga, anarudi umeiva. Hata wale wanaopikia kikapu, sufuria ikachemka kidogo motoni kisha ikafungiwa ndani ya kapu lililosheheni nguo kuukuu na kuiva kwa joto lake yenyewe, nao wanajua kwamba kuna sehemu ya upishi isiyomtaka mpishi. Mama akanijibu kwa neno moja la Kitanga ambalo mhariri hatalichapisha, lakini nilisikia tabasamu ndani yake.

Kwa hiyo kutokuwepo peke yake si kosa. Swali lazima liende hatua moja mbele: huyo mpishi asiyekuwepo, yuko wapi?

Hapo ndipo historia ya chungu chenyewe inapotusaidia, na kwa bahati historia hiyo inapita katika mji huuhuu ninaoishi. Alikuwepo hapa Chicago mhandisi wa umeme aitwaye Irving Nachumsohn, ambaye baadaye alilifupisha jina lake likawa Naxon. Mwaka 1936 aliomba hataza ya chombo cha kupikia chenye waya wa joto, na mwaka 1940 akaipata. Lakini wazo, kama familia yake ilivyosimulia, halikuanzia kwenye umeme. Lilitoka kwa mama yake, aliyekuwa akimsimulia habari za Vilna, mji ambao leo ndio Vilnius, makao makuu ya Lithuania.

Wayahudi wa huko walikuwa na chakula kiitwacho cholent, mchanganyiko wa maharage, shayiri, viazi na nyama. Ijumaa jua likizama, Sabato imeingia, na sheria ya dini yao inakataza kuwasha moto na kupika mpaka Jumamosi usiku uingie. Sasa watu watakula nini cha moto Jumamosi mchana? Ijumaa kabla ya magharibi walipeleka vyungu vyao kwa mwoka mikate. Tanuri limemaliza kazi yake ya wiki, linapoa taratibu. Vyungu vinapangwa ndani, mlango unafungwa, na lile joto lililobaki linapika usiku kucha. Kesho yake kila nyumba inachukua chungu chake. Hakuna aliyekoroga, hakuna aliyepuliza moto. Wote walikuwa wamepumzika: bibi, binti, mwoka mikate, hata tanuri.

Tazama basi kilichotokea. Naxon alikiita chombo chake kwa jina la maharage, na kwa miaka mingi hakikuvuma sana. Mwaka 1970 kampuni ya Rival ya Kansas City ilinunua biashara yake, na mwaka 1971 ikakitoa upya kwa jina la Crock-Pot. Hii ilikuwa miaka ambayo wanawake wengi wa Marekani wenye watoto walikuwa wakiingia katika kazi za mshahara. Tangazo likajisifu kwamba chungu hiki kinapika mchana kutwa mpishi akiwa hayupo. Kikauzwa kama njugu.

Chungu ni kilekile, joto ni lilelile, na kutokuwepo kwa mpishi ni kulekule. Lakini bibi wa Vilna hakuwepo jikoni kwa sababu siku ile ilikuwa yake na ya Mungu wake. Mwanamke wa 1971 hakuwepo jikoni kwa sababu alikuwa kazini, na jioni jikoni palikuwa bado pake. Chungu kilimpunguzia mama moto. Hakikumwongezea baba mikono. Chombo kilichozaliwa na siku ya mapumziko kikawa chombo cha kuirefusha siku ya kazi. Sisemi wanawake wale wangebaki nyumbani, la hasha. Nasema kwamba saa zikiokolewa huwa kuna mtu anazichukua, na mara nyingi si yule aliyeziokoa.

Najua kwa mwili wangu. Kabla ya chungu, dada hakukubali zamu za ziada, kwa sababu lazima mtu awahi kumpikia mtoto. Baada ya chungu, sababu hiyo imekufa. Msimamizi akipiga simu, dada hana tena la kusema. Saa zilizookolewa zimepata mwenyewe, na mwenyewe hakai nyumba hii.

Msomaji wa Dar, wa Mombasa, wa Nairobi, naona unatabasamu. Unasema hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. Sisi kwetu chakula kina mkono wa mtu. Ni kweli. Lakini mkono wa nani?

Hebu tuongee wazi. Katika nyumba nyingi za mjini, baba anatoka saa kumi na moja alfajiri kuikimbia foleni, mama naye anatoka, watoto wanapelekwa shule, na jioni wote wanarudi nyumba inanukia. Hakuna waya uliochomekwa ukutani. Kuna binti. Ametoka kijijini, analala chumba kimoja na magunia ya mchele, anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Akipika vizuri wageni humsifu mama mwenye nyumba: jamani, shoga, una mkono! Na mama mwenye nyumba anaitikia asante. Akiunguza, hapo ndipo jina lake linapotajwa.

Nani kapika? Kwa chungu cha umeme swali lile linachekesha. Kwa binti linaumiza, kwa sababu chungu hakina mama anayekisubiri mahali fulani. Chungu ukikizima kimezimika, hakichoki wala hakinung'uniki. Binti tumemfanya chungu: tumemtia vitu asubuhi, tumemfunika, tumekwenda zetu. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kuhusu wafanyakazi wa majumbani, na moja ya mambo unayoyadai ni mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Saa 24! Ni kipimo kilekile cha Sabato ya Vilna. Ilibidi dunia ikutane na kupiga kura ili kusema kwamba anayepika naye ana haki ya siku ambayo chakula kinaiva yeye akiwa amelala.

Kuna atakayenipinga hapa. Atasema: wewe unalalamikia mashine kwamba imemnyang'anya dada muda wake, halafu unalalamikia binti kwamba anafanywa mashine. Unataka nini basi? Turudi sote jikoni? Hoja nzuri, na jibu langu liko kwenye kile kiporo tulichokiweka.

Supu yetu, nilisema, ina vipande viwili. Saa 8 za kungoja zinaweza kupewa waya. Hazina mapenzi ndani yake, ni joto tu na wakati, na mtu yeyote anayezifanya kwa mkono anafanya kazi ambayo udongo na umeme vingeifanya bila kuumia. Zipeni mashine saa hizo, jamani, kwa furaha, na kama mtu bado anazifanya kwa mikono yake, alipwe na apumzishwe kama mtu. Lakini upishi una ncha mbili ambazo waya hauzijui. Ncha ya kwanza ni ya asubuhi: kuwaza. Mtu kasimama jikoni gizani, usingizi machoni, anamfikiria mlaji ambaye bado amelala. Huyu hapendi seleri kubwa, ikatwe ndogo. Huyu ana mafua, saumu izidishwe. Chungu hakimjui mlaji. Ncha ya pili ni ya jioni: kuwepo. Tambi zina dakika 20 zake. Ukichelewa zimevurugika, ukiwahi ni ngumu. Malai yanataka mtu wa kuyatazama. Nusu saa hiyo haihifadhiki wala haitumwi kwa niaba.

Nyumbani kwetu nusu saa hiyo imekuwa sheria. Dada na mimi tumekubaliana kwamba zamu zipangwe vyovyote, mmoja wetu lazima awepo tambi zinapoingia, na anayezitia ni mtoto. Anapanda kwenye stuli, anamwaga, anauliza, "Mjomba, bado?" mara tisa ndani ya dakika 20. Dada amekwishakataa zamu kwa ajili ya nusu saa hiyo. Aliulizwa sababu, akasema ana tambi jikoni. Hawakumwelewa, na fedha ya zamu ile hatukuipata. Mwezi ule umeme tuliulipa kwa kuchelewa. Hiyo ndiyo bei yake, na siifichi, kwa sababu mtu asikudanganye kwamba kuwepo ni bure.

Basi kwa swali letu jibu langu ni hili. Kapika yule aliyemuwaza mlaji kabla ya moto, na akawepo kabla ya sahani. Katikati hapo anaweza kulala, kusoma, kusali, kuandika ushairi wake, hata kubeba boksi. Supu itabaki yake na mkono wake utaonjeka. Asiyewaza wala asiyekuwepo hajapika, hata kama sufuria ni lake, gesi ni yake na sifa anapewa yeye. Na kama ncha zote mbili zimeshikwa na binti wa kazi, basi kapika binti. Atajwe kwa jina mbele ya wageni, na Jumapili yake aachiwe.

Kwa nyinyi mnaoandika, nina ombi dogo. Mkimaliza shairi la moshi, andikeni na la mama aliyepumzika: amejinyoosha mkekani, kanga usoni, chungu kinatokota chumba cha pili, na hakuna anayemwamsha.